Maua ya Kiangazi Kataboi: Krokosmia Iacheni, Waridi la Jangwani Litunzeni



Miongoni mwenu mnaosoma safu hii wapo ndugu zetu walimu, wauguzi na wafanyabiashara ambao riziki imewapeleka Lodwar, Kakuma na kando ya Ziwa Turkana. Mmoja wao, mwalimu aliyeko Kataboi, ameniletea swali. Jamaa yake wa Uingereza amemtumia pakiti ya viazi vya ua liitwalo krokosmia, na juu ya pakiti imeandikwa kwamba huchanua kiangazi. Anauliza: kwa kuwa Kataboi ni kiangazi karibu mwaka mzima, je, si ndiyo ua lake hasa?

Jibu langu ni hapana. Lakini hapana peke yake haimsaidii mtu. Nitaeleza krokosmia ni nini, kwa nini haifai Kataboi, inafaa wapi na hutunzwaje, kisha nitasema ua gani linaloweza jua lile. Ua hilo huku kwetu Pwani tunalo, na kule Turkana wanalo, nalo ni waridi la jangwani.

Kataboi ni mahali gani

Kataboi iko ufuo wa magharibi wa Ziwa Turkana, kaskazini ya Kalokol. Wataalamu wa mawe wanalijua jina hilo kabla ya wengi wetu. Mwaka 1999 Justus Erus, wa kundi la Meave Leakey, aliokota fuvu la kale huko Lomekwi, upande huo huo wa ziwa. Tabaka la mawe lilimotoka fuvu hilo huitwa tabaka la Kataboi. Umri wake ni kama miaka milioni 3.5, na mwaka 2001 fuvu lilitangazwa kwa jina la Kenyanthropus platyops.

Mpanda maua anahitaji kujua mambo manne kuhusu pande zile. La kwanza ni mvua. Lodwar hupata kama milimita 200 kwa mwaka, na Mombasa hupata zaidi ya 1,000. La pili ni joto: mchana hufika digrii 35 na kupita, na usiku haupoi vya kutosha. La tatu ni upepo, ambao huvuma kwa nguvu na kukausha jani likiwa bado changa. La nne ni maji ya ziwa lenyewe. Ziwa Turkana halina mto unaotoka, kila kinachoingia hubaki humo, maji hupaa kwa jua na chumvi na magadi hubaki. Lita moja ina takriban gramu 2.5 za chumvi. Ukilinganisha na bahari yenye kama gramu 35 ni kidogo, lakini kwa ua lililozoea maji ya mvua ni nyingi. Basi ukiwa na ziwa mlangoni usidhani umepata maji ya bustani.

Krokosmia ni ua gani

Krokosmia ni ua la Afrika. Aina zake ni chache, hazifiki kumi, na asili yake ni nyanda za majani na kando za misitu kuanzia Afrika Kusini kuja mashariki mwa bara hili, Tanzania ikiwemo. Majani yake ni marefu na membamba kama upanga, na maua hupangana juu ya kikonyo kilichopinda, rangi ya chungwa, nyekundu au manjano. Chini ya ardhi ina viazi vidogo mfano wa kitunguu, vinavyopandana kimoja juu ya kingine kama shanga za tasbihi.

Jina lake limetokana na maneno mawili ya Kiyunani, la zafarani na la harufu. Inasemwa kwamba maua yake makavu ukiyaloweka katika maji ya moto hunukia zafarani. Jamaa zangu wa biriani wasifurahi mapema: si zafarani, wala sisemi mtu aitie chunguni.

Ua hili lilipelekwa Ulaya karne ya 19. Huko Nancy, Ufaransa, mkulima Victor Lemoine alizichanganya aina mbili za Afrika akapata mbegu mpya, ndiyo inayojaa bustani za Uingereza mpaka leo. Mbegu hiyo ilitoroka bustanini ikaingia vichakani na kando ya mito, ikawa magugu. Sasa sheria ya Uingereza inakataza kuipanda au kuiachia porini. Kumbe ua lililotoka kwetu na kusifiwa ugenini, hukohuko ugenini limekuwa kero. Kila ua lina mahali pake.

Kiangazi chao si kiangazi chetu

Kosa la pakiti hizi ni neno moja. Wazungu wana msimu wa joto wa Juni hadi Agosti, ambapo jua ni refu, mvua haijakatika na usiku una ubaridi. Msimu huo tunautafsiri "kiangazi". Lakini kiangazi chetu sisi ni ukavu. Pwani ni miezi ya kaskazi, Disemba hadi Machi, kisima kinaposhuka na majani kujikunja. Kataboi ukavu huo huo ni mrefu zaidi.

Krokosmia kwao Afrika Kusini hukua wakati wa mvua, huchanua ikiwa imeshiba maji, kisha hulala majira ya baridi. Inataka vitu viwili kwa zamu: maji mengi ikikua, na ubaridi ikipumzika. Kataboi hakuna hata kimoja. Utaimwagilia kila siku kwa maji ambayo mama fulani ameyabeba kichwani, nayo itatoa majani yenye ncha zilizoungua. Mie sipendekezi.

Krokosmia inapofaa, na matunzo yake

Kama una pakiti, mpelekee ndugu aliyeko Wundanyi, Limuru, Lushoto au mahali popote pa mlimani. Ukiwa Mombasa au Malindi unaweza kujaribu mahali penye kivuli cha mchana, ukijua kwamba maua yatakuwa machache. Matunzo yake ni haya:

Panda mvua za masika zinapoanza. Chimba shimo la sentimita 8 hadi 10, weka kiazi ncha ikitazama juu, na acha sentimita 10 hadi 15 kati ya kiazi na kiazi. Panda kwa mafungu ya kumi au zaidi, kwani kimoja kimoja hakipendezi.

Udongo uwe na mboji au samadi iliyooza vizuri, usituamishe maji. Usiache ukauke kabisa mmea unapokua. Kuutandikia majani makavu juu husaidia kuhifadhi unyevu.

Maua yakinyauka kata kikonyo, lakini majani yaache mpaka yawe ya kahawia, maana ndiyo yanayolisha kiazi cha mwaka ujao. Kila baada ya miaka mitatu fukua, tenganisha viazi, panda upya. Vinavyozidi mpe jirani au viteketeze. Usivitupe mtoni, usije ukaleta hapa yaliyowapata Waingereza.

Ua linaloweza jua la Kataboi

Sasa turudi kwa mwalimu wetu. Waridi la jangwani, ambalo wataalamu huliita Adenium obesum, huota lenyewe katika nchi kavu ya Turkana, katika nyika ya Kilifi na Tana River, na ng'ambo ya maji huko Yemen na Oman. Jina Adenium linahusishwa na Aden. Aliyeliandika kwanza katika vitabu vya elimu ya mimea ni Peter Forsskål, aliyefia Yemen mwaka 1763 akiwa safarini, na kazi yake ikachapishwa mwaka 1775. Kisiwani Socotra, kinachojulikana vyema na manahodha wetu wa zamani, yako mawaridi ya jangwani yenye shina nene kama pipa.

Si waridi la kweli. Ni ukoo mmoja na oleanda. Shina lake la chini huvimba na kuhifadhi maji, ndiyo siri yake. Ukavu ukizidi hupukutisha majani yote, ukadhani limekufa, kisha juu ya matawi matupu hutoka maua ya waridi yenye koo jeupe. Hilo ndilo ua la kiangazi kwa maana yetu sisi: huchanua wakati ambapo kila kitu kimekauka.

Kupanda kwa mbegu

Mbegu ndiyo njia bora, kwa kuwa mche wa mbegu ndio unaotoa shina nene. Matunda hutoka mawili mawili mfano wa pembe za mbuzi. Yakianza kubadilika rangi yafunge kwa uzi au kitambaa, la sivyo yatapasuka na upepo wa ziwani utachukua mbegu zote, kwani zina manyoya pande zote mbili.

Mbegu zikiwa mpya hazikawii. Zilaze juu ya mchanga uliochanganywa na mboji kidogo, zifunike kwa mchanga mwembamba tu, nyunyiza maji asubuhi, weka kwenye kivuli chepesi. Katika joto la Turkana zitachipua ndani ya wiki moja au siku kumi. Mche ukiwa na majani sita, uhamishe kwenye kopo lake na uanze kuuzoesha jua polepole. Ukitunzwa vyema unaweza kutoa ua la kwanza ukiwa na mwaka mmoja hadi miwili.

Ukitaka haraka, kata tawi la sentimita 15 hadi 20, liache kivulini wiki nzima mpaka kidonda kikauke, ndipo ulichomeke mchangani. Litashika na kuchanua mapema, lakini shina lake halitanenepa kama la mbegu.

Udongo, chungu na upepo

Udongo wa bustani ya mchicha haufai. Changanya sehemu mbili za mchanga mnene wa laga, sehemu moja ya kokoto ndogo na sehemu moja ya samadi ya mbuzi iliyokaa miezi mingi. Mchanga uliochotwa ufuoni mwa ziwa uoshe kwanza mara mbili kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Chungu cha udongo ni bora kuliko ndoo ya plastiki, kwa sababu kinapumua. Kiwe kipana kuliko kwenda chini, na tundu la chini liwe kubwa la kupita kidole. Kila mwaka au miwili, kabla ya mvua za Aprili, hamisha mmea na unapoupanda tena uinue kidogo, sehemu ya juu ya mzizi ibaki nje. Ndivyo watu wa Thailand wanavyopata yale mashina ya ajabu mnayoyaona kwenye picha.

Jua lataka saa sita au zaidi kwa siku, na hilo Kataboi hakuna upungufu. Taabu ni upepo, hasa kwa miche. Jenga uzio mfupi wa makuti ya mkoma upande unaotoka upepo. Mkoma kule hauhitaji kutambulishwa kwa Mpwani: milala tunayosukia mikeka ndiyo ile ile kina mama wa Kiturkana wanayosukia vikapu vyao.

Maji: hapa ndipo penye mazungumzo

Najua kuna msomaji anayeuliza: mahali ambapo watu wanatembea kutafuta maji, maua ya nini? Swali ni la haki. Mie nasema mmea unaoshindana na mtoto kwa maji ya kunywa si pambo, ni dhuluma. Lakini waridi la jangwani halishindani na mtu, ukilipa yale yaliyokwisha kutumika.

Kanuni ni kushibisha kisha kuacha. Mwagilia mpaka maji yatoke chini ya chungu, halafu usiguse mpaka udongo ukauke kwa kina cha kidole. Kwa chungu chenye upana wa sentimita 30, lita mbili kila siku saba hadi kumi zatosha mmea ukiwa na majani. Ukipukutisha, punguza mpaka mara moja kwa wiki mbili au zaidi. Waridi nyingi za jangwani hufa kwa maji mengi kuliko kwa kiu.

Maji hayo yatoke wapi? Mwenye kuswali anayo. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, nayo ni kama robo tatu ya lita kwa makadirio ya wengi. Swala tano kwa kipimo hicho ni kama lita tatu na kitu kwa siku, kwa mtu mmoja. Weka beseni chini unapotawadha, na jioni utakuwa na maji ya chungu kimoja na kusaza. Kwa wiki moja mtu mmoja peke yake anaweza kutunza vyungu kumi bila kugusa dumu la kunywa. Na tunaofungulia bomba huku Mombasa tukatawadha kwa ndoo nzima tujitazame.

Jirani asiyekuwa Mwislamu, na wengi wa wenyeji wa Kataboi ni Wakristo, ana maji ya kusuuzia mboga na ya mwisho ya kusuuzia nguo. Maji ya kwanza yenye sabuni nyingi yamwage kwingine. Ya ziwani usitumie kila mara. Ukilazimika, basi mvua ikinyesha uache mmea mvuani uoshwe chumvi. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo na ncha za majani zimeungua, chumvi imezidi, badilisha udongo.

Sumu: someni hapa kwa makini

Uzuri wa ua hili una gharama yake. Utomvu wa shina, majani na mizizi una sumu inayoshika moyo. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, Tanzania, huupaka kwenye mishale wanapowinda, na mnyama mkubwa huanguka. Basi lisipandwe kwenye uwanja wa watoto wa chekechea wala karibu na zizi. Mbuzi huwa wanalikwepa, lakini usiweke dhamana juu ya akili ya mbuzi mwenye njaa.

Unapolikata vaa glavu au mfuko wa plastiki mikononi, usijiguse macho, kisha nawa kwa sabuni na uoshe kisu. Matawi yaliyokatwa yafukie. Usiyatie jikoni kama kuni na usichongee kijiti cha mishikaki. Mtoto akilila, usingoje aanze kutapika na usimpe dawa ya kienyeji. Mpeleke zahanati iliyo karibu mara moja, waeleze alichokula, chukua na tawi walione. Kesi nzito ni za Hospitali ya Rufaa ya Kaunti, Lodwar, na safari hiyo si fupi, kwa hiyo kinga ndiyo dawa.

Maradhi na wadudu

Ugonjwa mkubwa ni kuoza. Bonyeza shina: likiwa gumu ni zima, likiwa laini kama embe lililopitiliza limeoza. Ling'oe, kata sehemu yote mbovu mpaka ufike kwenye nyama nyeupe safi, paka majivu, liache kivulini wiki moja au mbili, panda upya katika mchanga mkavu.

Wadudu weupe kama pamba na vidukari wa manjano hukaa kwenye machipukizi. Loweka majani ya mwarobaini yaliyotwangwa usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo, nyunyiza jioni kila siku tano mpaka waishe. Viwavi wakubwa wa kijani waokote kwa mkono. Wana uwezo wa kumaliza majani yote kwa siku mbili.

Msing'oe porini

Nimeacha hili mwisho kwa sababu linaniuma. Nimeona mashina makubwa ya waridi la jangwani yakiuzwa kando ya barabara huku Pwani, mizizi imekatwa kwa panga, yakiwa wazi kabisa kuwa yametoka nyikani. Mmea wa unene ule umekaa miaka mingi kabla hujazaliwa wewe. Anayeununua hulipa pesa kidogo, huupanda kwenye udongo wa mfinyanzi, huumwagilia kila siku, na baada ya miezi miwili umeoza. Nyikani pamebaki shimo.

Nawaomba walioko Turkana wasianzishe biashara hiyo. Tunda moja lina mbegu nyingi. Omba ruhusa kwa wenyeji, chukua tunda, mama mmea mwache. Shule moja yenye vyungu hamsini vya mbegu inaweza kuuza miche Lodwar na pesa ikabaki Kataboi. Msitu wa nyika ukiuzwa shina kwa shina hautarudi katika uhai wetu.

Kaskazini kule wameshaona vitu vingi vilivyoletwa bila kupauliza mahali. Kalokol kulijengwa kiwanda cha kugandisha samaki kwa msaada wa Norway, kikafanya kazi kwa muda mfupi mno kwa sababu umeme wa kugandisha na maji safi vilikuwa ghali. Mti wa mathenge ulipandwa kuzuia jangwa, leo umeziba njia na malisho. Pakiti ya krokosmia ni jambo dogo mbele ya hayo, lakini funzo ni lile lile: tazama kwanza ardhi inaotesha nini yenyewe.

Mwalimu wangu, viazi vyako vitume Wundanyi kwa basi. Wewe tafuta pembe moja ya waridi la jangwani, weka beseni chini ya birika la udhu, na anza na vyungu vitatu mbali na watoto. Mwakani inshallah niandikie umehesabu maua mangapi.

Wallahu a'alam.